Muhadhara wa Gari Linalotaka Kuwa Jahazi

Mabibi na mabwana, wazee wangu mlioketi mbele kwa heshima, na ninyi vijana mlioketi karibu na mlango kwa tahadhari, nawasalimu nyote kwa taadhima. Nasimama hapa jioni hii kwa unyenyekevu mkubwa, unyenyekevu ambao mtu mwenye elimu ya kadiri yangu hupata taabu kuubeba, ili niwafungulie hazina ya maarifa niliyoikusanya kwa miaka saba, peke yangu, usiku, mlango ukiwa umefungwa, juu ya fani adhimu ambayo vyuo vyetu, kwa sababu ambazo havijapata kuzieleza, havijaiundia kiti cha uprofesa wala kuniita nikikalie. Nayo ni fani ya kulitiisha gari linaloserereka, si barabarani, ambako serikali ina sheria zake na hospitali ina vitanda vyake, bali ndani ya simuleta, yaani programu ya kompyuta inayoigiza mashindano ya magari kwa uaminifu hata mtu aliyeketi sebuleni kwake chini ya feni akatokwa na jasho la hofu.

Najua miongoni mwenu wamo watakaouliza nimehitimu wapi. Shahada yangu ni daftari. Ni daftari la shule la kurasa 96, lenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada, na ndani yake nimeandika kwa mkono wangu kila mara gari liliponizunguka likatazama nilikotoka: tarehe, aina ya gari, jina la kona, na sababu. Hadi jana usiku zilikuwa mara 612. Katika safu ya sababu mtakuta tairi baridi, mtakuta umeme uliopungua nguvu, mtakuta jogoo wa jirani na mtakuta paka. Neno "mimi" nimelitafuta sana humo wala sikuliona. Basi wale wanaoringa kwamba gari halijapata kuwazungusha hata mara moja, na waende wakafundishe fani nyingine, kwa kuwa ajuaye kina cha kisima ni aliyetumbukia.

Tuanze na lugha, maana asiyejua jina la maradhi hawezi kuyaagua. Neno usukani tumelipata kwa Waarabu, na kwao, kama ilivyokuwa kwa mabaharia wa pwani yetu kabla gari la kwanza halijashushwa bandarini, maana yake ni ule ubao ufungwao tezini, nyuma kabisa ya chombo, ambao mshika usukani akiusukuma huku, omo, yaani mbele ya chombo, hugeukia kule. Chombo cha baharini, kwa hiyo, huongozwa kwa nyuma. Ni tezi inayokwenda kando, na omo huelekea itakapoelekezwa. Likaja gari, nalo likaongozwa kwa magurudumu ya mbele, na babu zetu, kwa ukarimu wao wa kugawa maneno, wakaliita lile duara la mkononi kwa jina lile lile la ubao wa tezini. Hapo ndipo, kwa rai yangu, ambayo hakuna mwanachuoni aliyeipinga kwa kuwa hakuna niliyemweleza, fitina ilipoanza. Gari lilisikia jina hilo likaliamini. Kila linapoingia konani kwa kasi hukumbuka kwamba lina usukani, na chenye usukani huongozwa kwa tezi, basi nalo hutanguliza tezi.

Hali hii vijana huiita ovastia. Mimi nimeiita uasi wa tezi, na nimekwisha kuwaandikia barua watu wa kamusi, barua mbili, ya pili ikiwa ya kuwakumbusha ya kwanza. Ndugu yake, yaani pale gari linapoikataa kona likaenda zake moja kwa moja kama mtoto aliyeitwa kuoga, nimemwita ubishi wa omo; lakini huyo sitamsemea leo, kwa sababu dawa yake ni kupunguza mwendo, na dawa ya namna hiyo haihitaji muhadhara.

Wazee wangu mnamkumbuka mchukuzi wa maji na mzegazega wake: mti begani, debe mbele, debe nyuma. Gari nalo lina mzegazega usioonekana. Ukikanyaga breki, au hata ukiachia mafuta kwa ghafla, uzito hukimbilia mbele. Tairi za mbele zikaelemewa, zikaishika barabara kwa pupa, na za nyuma zikabaki nyepesi kama madebe yaliyomwagwa. Ukiwa umenyooka hakuna neno. Ukiwa katikati ya kona, ambapo tairi zile za nyuma zilikuwa zinashindana na nguvu inayotaka kuzitupa nje, wepesi huo huwa ndio mwisho wa ushindani, na tezi hutoka. Ipo na njia ya pili, ya walafi: kukanyaga mafuta mapema katika gari linalosukumwa kwa magurudumu ya nyuma. Ushikaji wa tairi ni kama mshahara. Ukiumaliza wote kwa kwenda mbele, wa kukatia kona utaukopa wapi? Na ukitaka kuzipata njia zote mbili katika chombo kimoja, panda Porsche 911, ambayo tangu mwaka 1963 Wajerumani wameshikilia kuiweka injini yake nyuma ya ekseli ya nyuma, kama mchukuzi aliyejaza debe la nyuma mawe na la mbele akatia birika.

Sasa nawaomba mfuatane nami hadi Ujerumani, kwenye milima ya Eifel, katika njia iitwayo Nordschleife pale Nürburgring, iliyofunguliwa mwaka 1927 na ambayo mzunguko wake leo ni kilomita 20.832. Jackie Stewart, Mskoti aliyekuwa bingwa wa dunia mara 3, aliibandika jina la Jehanamu ya Kijani, na dereva mwenzake Niki Lauda aliungulia humo mwaka 1976, karibu na kona ya Bergwerk. Watu wa Kunos Simulazioni wa Italia, waliotoa simuleta yao ya Assetto Corsa mwaka 2014, waliipimisha njia hiyo kwa miali ya leza, na kwa sababu hiyo mabonde na matuta yaliyoko kule yamo pia sebuleni kwangu, baina ya kabati la vyombo na dirisha.

Kabla dakika moja haijatimia tangu uanze, unaingia Hatzenbach, mahali ambapo kona za kushoto na kulia zimefuatana katikati ya miti bila kupeana nafasi ya kupumua. Nimo ndani ya ile 911, gia ya tatu, kona ya kushoto. Naona ukingo wa njia unanijia haraka kuliko nilivyoagana nao, na mguu wangu, ambao sikuushauri, unaachia mafuta. Jambo la kwanza ni mlio: tairi zilizokuwa zikilia kwa sauti nyembamba zinaanza kukwaruza kwa sauti nzito. Jambo la pili ni usukani, ambao mota iliyomo ndani yake inauvuta, nao unaanza kukimbia mkononi mwangu kuelekea kulia. Jambo la tatu, na ni la mwisho kabisa kufika, ni jicho: miti iliyokuwa ikinijia sasa inanipita ubavuni. Aliyengoja jicho limwambie amekwisha kuchelewa, na mimi, kama daftari linavyoshuhudia, ni mtu wa kungojea jicho.

Ndiyo maana nasema simuleta ni ngumu kuliko gari la kweli, na wale madereva wanaocheka waniletee hoja si meno. Dereva wa kweli huambiwa habari za tezi na sehemu ile ya mwili ambayo adabu hainiruhusu kuitaja mbele ya wazee, kwa kuwa ndiyo iliyokalia kiti, na kiti kimefungwa kwenye gari. Gari likianza kuzunguka yeye huhisi kabla hajaona. Sisi wa sebuleni sehemu hiyo imekalia mto, nao mto hausemi kitu. Tumebakiwa na masikio na mikono. Vaa vidude vya masikioni, basi, zima muziki, na uisogeze skrini karibu, kisha upime umbali wa jicho lako hadi kioo ukaiweke pembe ya mwono ndani ya programu iwe sawasawa na umbali huo. Maana ukiipanua upate kuona vioo vyote vya pembeni na mandhari yote ya Ujerumani, kama nilivyofanya kwa miaka mitatu, gari huonekana limenyooka hata linapokuwa limekwisha kulala kando.

Na kiti! Laiti mngelijua niliyoyapata kwa kiti. Kilikuwa kiti cha ofisi chenye magurudumu matano, na kila nilipokanyaga breki kwa nguvu mguu ulisukuma pedali, pedali ikakataa, kiti kikakubali, nami nikarudi kinyumenyume hadi kwenye kabati la vyombo ilhali gari, lisiloguswa tena na mtu, likaendelea peke yake kuelekea mitini. Nilikuwa naserereka maradufu. Nikayavisha magurudumu yale kandambili kuukuu, gurudumu moja ndala moja, na tangu siku hiyo kiti hakijasogea, ijapokuwa mama watoto angali akiuliza kandambili yake ya kushoto ilikwenda wapi.

Nije sasa kwenye tiba. Kila mtu hujua, hata asiyejua lolote, kwamba tezi ikitoka kulia usukani hupelekwa kulia. Nilijua hivyo tangu siku ya kwanza, na nikaanguka mara 612 nikiwa najua. Siri, niliyoigundua kwa tafakuri ndefu siku ambayo mpwa wangu wa miaka 12 alikuwa amesimama nyuma yangu akila embe, ni kwamba usukani hauhitaji kupelekwa. Magurudumu ya mbele yameumbwa kwa mwinamo ambao yakiachwa huru hupenda kutazama kule gari linakokwenda kwa hakika, si kule pua yake inakoonyesha. Tezi inapotoka, usukani hujigeuza wenyewe kwa upesi ambao mkono wa binadamu hauwezi kushindana nao. "Mjomba," alisema yule mtoto, akilamba kiganja, "usukani unajirudi wenyewe, wewe ndiye unayeukatalia. Uachie basi." Nilimwambia asizungumze na chakula mdomoni. Kisha, alipotoka, nikauachia, ukapita viganjani mwangu kama kamba ya nanga, nikaudaka uliposimama, mguu ukiwa bado umeyagusa mafuta kidogo ili ule mzegazega usimwagike mara ya pili. Gari likalala kando, likawaza, likatulia. Ugunduzi huo nimeuandika kwa jina langu.

Lakini hapo ndipo msiba ulipo, na wengi hawaufiki kwa kuwa huwa wamekwisha kuanguka. Tezi iliyotoka hurudi. Ikirudi ikashika barabara nawe bado umeukunja usukani upande ule wa uokovu, gari hutupwa kwa upande wa pili, kwa ghadhabu kuliko mwanzo, na hilo nimeliita kofi la marejeo. Wahenga walisema nenda tezi na omo, marejeo ni ngamani; nami naamini yupo mmoja wao aliyeendesha 911. Daftari langu laonyesha kwamba uasi wa kwanza umeniangusha mara 190, na kofi la marejeo mara 422. Usukani, basi, unyooshwe mara tu tezi inapoanza kurudi, kabla gari halijanyooka, na jicho litazame unakotaka kwenda, si mti unaouogopa. Wa kwangu huzunguka nyuzi 900, yaani mizunguko miwili na nusu kutoka kikomo hadi kikomo, na katika tufani ile mtu husahau upi ndio wima wake. Nimefunga utepe wa kanga ya manjano juu ya duara, nikiuona niko salama, nisipouona naangalia kabati.

Wala asinijie mtu na maneno kwamba mambo haya ni ya wageni. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na Joginder Singh aliyeshinda mwaka 1965, 1974 na 1976, pamoja na Shekhar Mehta aliyeshinda mara 5, walikwenda kwa tezi ndani ya tope kwa siku kadhaa mfululizo, na hawakuuita uasi, waliuita mwendo. Richard Burns, Mwingereza, alishinda Safari mwaka 1998 na 2000, akawa bingwa wa dunia mwaka 2001, na mwaka 2004 ikatolewa simuleta yenye jina lake, ambayo ndani yake mna shule ya udereva niliyoirudia darasa la kwanza kwa uvumilivu wa kupigiwa mfano. Mtakuta humo theluji ya Ufini, mtakuta Japani na Australia. Tope la Kenya lililomkweza yule bwana mara mbili halimo. Nadhani walichelea kwamba sisi tungelifaulu mno.

Kuhusu mazoezi sina mengi: gari dogo lisilo na nguvu, Mazda MX-5 yatosha, vizuizi vyote vya kielektroniki vizimwe, uwanja mtupu, na duara moja hadi mke aseme chakula kimepoa.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa kwa mara ya tatu, na sasa amenyoosha mkono apokee kipaza sauti. Nitakiachia, bwana mwenyekiti, kila jambo na wakati wake. Lakini elimu isiyo na vitendo ni debe lisilo na maji, na kompyuta ile pale imekwisha kuwashwa, 911 yangu iko mlangoni mwa Hatzenbach, injini yanguruma. Kiti mlichonipa, hata hivyo, nakiona ni cha magurudumu, na kandambili nimezisahau nyumbani. Wewe kijana wa mlangoni, la, usitoke. Njoo hapa unishikie kiti.