Huyu Perege Kilo Shilingi Ngapi?

Mkazi wa Tabora hana ugomvi na sanaa, ila kwake samaki ni kitoweo kwanza. Tangu Reli ya Kati ilipofika Kigoma mwaka 1914, migebuka na dagaa wa Ziwa Tanganyika wanapanda treni kuja kwetu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuja kutalii. Sasa jitokeze ukingoni mwa bwawa na kigoda, brashi na bakuli la maji, useme umekuja kumtazama perege tu, halafu uone utakavyotazamwa wewe.

Ugonjwa huu wa kuchora samaki niliupata kwenye video za Wajapani. Kule samaki wa mapambo aitwaye koi anaelea kwenye bwawa la bustani, mweupe mwenye mabaka mekundu, yungiyungi pembeni. Mchoraji anadondosha rangi ya maji kwenye karatasi mbichi, tone linasambaa lenyewe, pezi hilo. Mimi koi sina. Nilichonacho ni ruhusa ya mzee mmoja wa upande wa Kwihara, karibu na tembe walimokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872. Bwawa lake limechimbwa kwa jembe, maji ni ya udongo, na perege wake wana rangi ileile ya maji. Kumchora samaki wa namna hiyo ni kuchora bwawa tupu na kuomba uaminiwe.

Mzee alinipokea kwa heshima iliyonitia wasiwasi. "Mwangaluka, Bwana Samaki! Karibu sana." Kumbe alikuwa anamsubiri mtaalamu wa uvuvi kutoka mjini, na mtu mwenye daftari anayekodolea maji macho atakuwa nani mwingine? Kabla sijafungua mdomo, majirani walishanizunguka na swali moja: kwa nini perege wao wanadumaa, hawazidi kiganja? Kwa bahati hilo nalijua. Jike la perege hulea mayai na vifaranga kinywani, kwa hiyo wengi hupona, bwawa hujaa na chakula hakitoshi. Dawa ni kufuga madume matupu, au kutia kambare wachache wapunguze vifaranga. Walifurahi, wakanikabidhi kuku. Nilipojieleza kwamba mimi ni mchoraji, kuku alirudi bandani.

Kiangazi nacho kina yake. Mwezi wa tisa na wa kumi, rangi inakauka kabla brashi haijagusa karatasi, na nyuki wenye kiu wanatua kwenye bakuli la kusuuzia. Watengenezaji wa rangi wa Ulaya tangu zamani hutia asali ili rangi isikauke upesi. Asali, tena Tabora! Nikatia kijiko. Rangi ikatulia, magamba yakameta, nikabandika karatasi ukutani nikalala kwa amani. Alfajiri nilikuta sisimizi wamejipanga kutoka dirishani hadi tumboni mwa samaki, kama msafara wa wapagazi wa Kinyamwezi unaoshuka Bagamoyo na pembe. Mkia walishaumaliza, sasa walikuwa wanaelekea kichwani.

Nilijifariji kwamba sikuwa wa kwanza kuhangaika na rangi za maji hapa. Mpelelezi James Grant alipita Kazeh, Tabora ya siku hizo, pamoja na mwenzake Speke mwaka 1861, na michoro yake ya safari ile iko Edinburgh hadi leo, kwenye Maktaba ya Taifa ya Scotland. Bwana yule sisimizi walimhurumia.

Perege wa karatasi nyingine, aliyesalimika, nilimpeleka sokoni, kwa mama anayekaanga samaki. Alifuta mikono kwenye kanga, akaishika karatasi kwa ncha za vidole.

"Mwanangu, huyu kilo shilingi ngapi?"

"Hauzwi kwa kilo, mama."

"Haya. Na miiba ya mgongoni iko wapi? Hapa umemvisha shuka." Akasogeza karatasi karibu na macho. "Tena kidevu kimevimba. Huyu ana watoto mdomoni. Anaachwa huyu, haendi kikaangoni."

Nilikuwa nimechora nilichokiona. Yeye ndiye aliyejua nimeona nini. Hakuna mhakiki wa sanaa mwenye miwani ya fremu nyembamba aliyewahi kunisomea mchoro namna hiyo.

Wala tusidhani koi alizaliwa na heshima zake. Wakulima wa mpunga wa Niigata, Japani, walikuwa wakifuga samaki wa rangi ya matope kwa ajili ya chungu. Karne ya 19 wakawatenga wachache waliotokea na mabaka ya rangi, wakawazalisha wao kwa wao, na mwaka 1914 wakawapeleka kwenye maonyesho Tokyo. Naye alikuwa kitoweo kabla hajawa picha.

Basi ndugu mchoraji, ukimaliza samaki wako, usikimbilie fremu. Mpeleke kwanza kwa anayemkaanga. Akikuuliza bei ya kilo, umefaulu.