Bosi na Mlo wa Utulivu

Jumatatu

Bosi amekula rimoti ya televisheni. Ameacha kitufe kimoja tu, cha kuzima sauti, ambacho kimeokotwa chini ya mparachichi.

Tulimnunua kwa ajili ya ulinzi. Aliyetuuzia alisema ana damu ya jamani shepadi kwa upande wa mama; upande wa baba hakuna aliyejitokeza. Tangu afike hapa Njiro amebwekea pikipiki, upepo, kanga zilizoanikwa na, leo asubuhi, bakuli lake mwenyewe. Akichoka kubweka huizunguka nyumba, na kwa kuwa hupita palepale kila mara, majani yamekufa na njia imetokea. Jirani ameuliza kwa ustaarabu kama tunachimba mtaro.

Jumanne

Mhasibu mwenzangu anasema tatizo ni chakula. Bosi hula ugali wa sembe na dagaa, kama mbwa wote wa mtaa huu na nusu ya wenye mbwa. Mwenzangu huyo anafuga paka.

Jioni nimepita duka la dawa za mifugo. Kijana wa dukani amenionyesha mfuko wa chakula cha punje kutoka nje, wenye picha ya mbwa aliyelala kwenye zulia. Nimeuliza kama kweli kinatuliza.

"Mzee, si unamwona mwenyewe?"

Nimenunua. Bosi ameanza na picha.

Jumatano

Bosi ameharisha usiku kucha: barazani, kwenye ngazi, na ndani ya kiatu cha kulia ambacho ni changu. Daktari wa mifugo, kwa simu, ameuliza kama chakula kipya kilichanganywa kidogo kidogo na kile cha zamani kwa siku 7 hadi 10, kama mifuko inavyoelekeza. Nimemjulisha kwamba maelekezo nayo yameliwa.

Ijumaa

Kliniki. Bosi ameubwekea mzani mpaka ukatoa jibu tofauti.

Daktari ni binti mpole mwenye miwani. Kwanza ametoa dawa ya minyoo, akampapasa mgongo na viungo kuona kama kuna maumivu, ndipo akakaa tuongee habari ya chakula. Ninaandika nilivyoelewa. Utulivu wa ubongo unahitaji serotonini. Serotonini hutengenezwa kutokana na triptofani, ambayo mbwa huipata kwenye nyama, samaki na mayai. Nikasema basi nitamwongezea nyama. Akasema hapana, kwa sababu nyama inakuja na amino asidi nyingine chungu nzima, zinagombea mlango uleule wa kuingilia kwenye ubongo, na triptofani ni chache. Ni kama abiria mmoja mwembamba kwenye daladala la saa kumi na mbili jioni. Hapo nilielewa mara moja.

Ugali wenyewe hakuulaumu. Anasema watafiti walionyesha mwaka 2013 kwamba mbwa, tofauti na mbwamwitu, ana nakala nyingi za jeni ya kumeng'enya wanga. Nikauliza kama hiyo triptofani imewahi kujaribiwa. Imejaribiwa: Marekani waliwapima mbwa 33, matokeo yakachapishwa mwaka 2000, na ikaonekana kwamba chakula chenye protini kidogo kilichoongezwa triptofani kilipunguza ukali wa kulinda eneo. Wale wa kuhangaika hawakuonyesha tofauti ya maana.

Nimemkumbusha kwamba ukali wa kulinda eneo ndio tulioulipia. Ameandika kitu kwenye faili.

Kisha akataja vya kukataza: vitunguu, kitunguu saumu, zabibu, chokoleti, mifupa iliyopikwa. Mke wangu amesema ukiondoa chokoleti, hiyo ni pilau yetu ya Krismasi.

Mwisho daktari akasema mbwa huyu anahitaji kutembezwa. Nikamshukuru, nikarudi kwenye suala la chakula.

Jumamosi

Shemeji amekuja. Ni bwana shamba mstaafu na hapewi mada bure. Anasema mkosaji ni sembe. Mahindi yana triptofani haba tangu yakiwa shambani, na protini iliyo bora kidogo imekaa kwenye kiini, ambacho mashine ya kukoboa hukitoa pamoja na pumba. Ndiyo maana Evangelina Villegas wa Mexico na Surinder Vasal wa India walipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2000, kwa kuzalisha mahindi yenye triptofani na laisini zaidi. Kwa hiyo Bosi apikiwe dona.

Mke wangu akauliza, na sisi je?

"Na ninyi pia, shemeji. Nyumba nzima."

Upendo, binti yetu, akasukuma sahani. Muda wote huo Bosi alikuwa chini ya meza akisikiliza, na shemeji alipoinuka kuondoka alikuta lapa la kushoto limebaki kamba.

Jumapili

Dona, dagaa waliooshwa chumvi, boga, yai la kuchemsha. Bila kitunguu. Nimepima kila kitu kwa mizani ya jikoni na kuacha kipoe. Bosi amemaliza kwa muda mfupi kuliko niliotumia kumenya yai.

Mama mkwe, aliyeingia kutoka Rombo saa nne, ametazama mpaka mwisho. Kisha ameuliza kama yai langu mimi nimeshakula. Nikasema bado.

"Haya, baba," akasema, akaingia ndani.

Jumanne

Radi. Ni Aprili, hakuna wa kumlaumu. Bosi alijaribu kuingia kwenye kabati la vyombo, na sehemu yake ya mbele ikafanikiwa. Dona haikuonekana kusaidia. Mke wangu anasema mlo bado haujaingia kwenye damu.

Kumbe mama mkwe naye anaogopa radi. Wawili hao wamekesha sebuleni, chini ya blanketi moja. Asubuhi ametangaza kwamba mbwa huyu hana ugonjwa wowote, ana hofu ya Mungu.

Alhamisi

Saa nane za usiku nimetoka kuangalia geti. Mlinzi alikuwa kwenye kigoda chake, na mbele yake jiko la mkaa na birika. Upande wa pili wa jiko alikaa Bosi, na mbele yake sufuria ndogo. Ndani ya sufuria kulikuwa na chai ya rangi yenye sukari, na vipande vya chapati vikielea.

"Bosi, karibu," mlinzi akasema. Bosi akanyanyua kichwa. Mimi pia nilikuwa nimeshaanza kuitika.

Maelezo ya mlinzi yalikuwa mafupi na hayakuwa na kasoro. Huyu mbwa alipoletwa alikuwa anasinzia. Mlinzi anayesinzia anafukuzwa kazi. Kwa kuwa ni mwenzake wa zamu, akamfanyia anachojifanyia mwenyewe. Huwa anampa kikombe kimoja saa nne, na kingine akimwona analegea.

"Tangu lini?"

"Tangu amefika, bosi." Bosi akanyanyua kichwa tena.

Kulipokucha nimempigia daktari. Alinyamaza kwanza, nikadhani salio limeisha. Chai ina kafeini, akasema, na kafeini humwendesha mbwa moyo mbio, humfanya ahangaike, na ikizidi humuua. Ikome leo. Akaongeza, kwa sauti ya mtu anayerudia, habari ya kutembezwa.

Ijumaa

Bosi amekaa mbele ya birika toka saa moja jioni. Hajabweka. Mlinzi amekunywa chai yake akiwa ameupa ukuta uso.

Jumatatu

Tumetembea asubuhi mpaka viwanja vya Nanenane na kurudi. Yaani Bosi ametembea, mimi nilikuwa mwisho wa kamba. Amembwekea ng'ombe. Ng'ombe ameendelea kutafuna, jambo ambalo limemshangaza Bosi kiasi cha kukaa chini.

Kwa ushauri wa daktari, dagaa za asubuhi hazimwagwi tena kwenye bakuli. Ninazitawanya kwenye majani azitafute kwa pua, maana kunusa nako ni kazi inayochosha. Jirani amechungulia juu ya ukuta, akaniona nimechuchumaa nikipanda dagaa bustanini. Safari hii hakuuliza kitu.

Mchana Bosi amelala. Upendo amemwekea kioo puani kuhakikisha.

Jumatano

Mama mkwe amerudi Rombo. Ameondoka na kilo tano za dona, na ameacha blanketi.

Jumamosi

Usiku wa kuamkia leo pikipiki tatu zimepita, kanga za jirani zimeangushwa na upepo, na mtu fulani amegonga geti akitafuta nyumba nyingine. Bosi amefungua jicho moja kwa huyo wa geti, akalifunga.

Baada ya chai ya asubuhi mlinzi ameomba kuonana nami. Anataka nyongeza ya mshahara, kwa kuwa sasa analinda peke yake.