Kijani Kisichochujuka

Wajuzi wa absinthe wana inda. Wameshaamua kuwa chupa iliyotiwa rangi za kiwandani za E102 na E133 haifai hata kuoshea vioo, na hakuna aliyejitokeza kuitetea. Basi nitajitokeza mimi.

Mwonjaji huanza na macho. Absinthe ya Pontarlier, Ufaransa, hukenekwa kwa pakanga, anisi na shamari, kisha hulowekwa hisopo na majani mengine ili ipate kijani cha klorofili. Ni kizuri, lakini hakina msimamo: mwanga ukikipiga hugeuka zeituni, baadaye jani kavu, hata kileo cha asilimia 68 kisiweze kukiokoa. Yetu iweke dirishani mwaka mzima. Utaikuta iking'aa vilevile, kama dawa ya kusukutulia mdomo.

Yakifuata maji, Wafaransa huyadondosha juu ya kijiko cha sukari, tone baada ya tone, wakingoja mafuta ya anisi yaachane na kileo na bilauri ijae ukungu mweupe. Subira gani hiyo! Chupa nyingi za aina yetu, zile za Bohemia za miaka ya 1990, zilikuwa na anisi ya kubahatisha, kwa hiyo mimina maji utakavyo, unaona hadi ng'ambo ya pili. Majaji huandika hapo sifuri, utadhani uwazi ni dhambi. Na mteja asije akachoka, baa za Praha zilimwashia sukari moto, desturi ya kale iliyozaliwa miaka hiyohiyo.

Ladha? Absinthe ya asili humtesa mwonjaji: atafute maua, mnanaa, ukakasi, ajaze ukurasa. Hapa kalamu inapumzika. Spiriti, uchungu, basi. Ulimi nao unabaki na kumbukumbu ya kijani.

Mnaomdharau, mtazameni na ukoo wake. Karne ya 19 wauza rahisi walitia chumvi za shaba kupata kijani, na antimoni kupata ukungu. Kwa mababu hao, huyu ni mtawa. Tena hana la kuficha. Waswisi, chini ya marufuku ya 1910 hadi 2005, waliiacha yao bila rangi ili isitambulike kwa askari. Hii yetu askari angeiona kutoka ng'ambo ya barabara, usiku, umeme ukiwa umekatika.