Viatu vya Kutovaa Viatu

Kisigino changu kimekuwa mali ya umma. Tangu nianze kukimbia asubuhi kutoka King'ong'o kuelekea Kiganjo, hakuna mtu hapa Nyeri ambaye hajanishauri jinsi kinavyofaa kugusa ardhi. Kinyozi ana maoni. Makanga ana maoni. Mzee mmoja wa kanisa, ambaye mara ya mwisho kukimbia alikuwa akifukuzwa na nyuki, alinivuta kando baada ya ibada akanishauri nitue kwa vidole, eti ndivyo wanavyofanya wanariadha wa Iten.

Aliyewashinda wote ni kijana mmoja anayeuza viatu mjini. "Kisigino ndicho adui yako, mkubwa," aliniambia, akanitolea kiatu ambacho mtu anaweza kukikunja akakitia kwenye mfuko wa koti. Soli yake ilikuwa nyembamba kama chapati ya mwisho, ile iliyopikwa unga ukiisha. Bei, shilingi elfu tisa. Nilipouliza mbona bei imenona na kiatu kimekonda, akasema siri ni hiyo hiyo: mguu unarudi katika hali yake ya asili.

Hali ya asili ya mguu wangu naijua vizuri. Miaka ya themanini, tukiwa shule ya msingi, viatu vilikuwa vya kanisani na vya Krismasi. Siku nyingine zote tulikwenda na nyayo tulizopewa na Mungu, na nyayo hizo zilikuwa na funza. Mwalimu wa zamu alitupanga foleni, tukachovya miguu katika karai la maji ya dawa, tukarudi darasani tumekuwa zambarau hadi kwenye vifundo. Hata sasa zipo sehemu za Murang'a na Nyeri ambako wahisani hugawa viatu vya bure ili kuwaepusha watoto na funza. Na mimi, hapo jirani tu, natoa elfu tisa nivuliwe vyangu.

Mama huniita baba kwa sababu nilipewa jina la babake. Alikigeuzageuza kile kiatu, akachungulia ndani. "Baba, hiki ni cha ndani. Cha kuvalia juu kiko wapi?" Nikamweleza habari za Iten na za asili. Akanyamaza kidogo, kisha akanikumbusha kwamba marehemu mzee alisubiri malipo ya kahawa msimu mzima ndipo nikanunuliwa raba za kwanza.

Kwa mwendo mfupi sina neno. Ukienda hadi gereza la King'ong'o ukageuza, utajiona mwepesi, hata salamu utajibu bila kuhema, na hilo si jambo dogo katika mji ulio zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Balaa ni kwenda mbali. Nami nilikuwa nimejiwekea shabaha ya nusu marathon ya Lewa, zile mbio za kila Juni ambazo zimekuwako tangu mwaka 2000, kule ndani ya hifadhi ya wanyama. Watu hukimbia kilomita 21 za vumbi huku walinzi wenye bunduki wakiangalia simba na helikopta ikizunguka juu. Ukiwa huko, sababu ya kukimbia unaiona. Barabara ya Kiganjo mnyama mkali ni bodaboda peke yake, na huyo naye hupunguza mwendo akuulize, "Mzee, unakimbizwa na nani?"

Basi nikawa nazidisha umbali. Hapo ndipo nilipofahamiana na kokoto za kaunti nzima. Mwenye raba ya kawaida hajui kwamba kokoto zina tabia. Ya mviringo inasukuma unyayo na kukuacha uende zako. Ile iliyovunjwa kwa nyundo inaingia katikati ya upinde wa mguu, na unatamka neno ambalo mzee wa kanisa hajawahi kukusikia ukilitamka. Halafu kuna mashavu ya miguu. Ofisi yetu iko ghorofa ya tatu. Siku iliyofuata safari ya Kiganjo niliteremka ngazi kinyumenyume, nimeshika reli kwa mikono miwili, na askari wa mlangoni akalazimika kuusalimu mgongo wangu.

Nilipomrudia muuzaji, akasema huo ni mwili unajifunza. Kisha akanisomea mashtaka ya kisigino kutoka kwenye simu yake: Abebe Bikila alishinda marathon ya Olimpiki mjini Roma mwaka 1960 miguu mitupu, na mwaka 2010 Daniel Lieberman wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake waliandika katika jarida la Nature kwamba wakimbiaji waliozoea kwenda bila viatu, wakiwemo Wakenya wa Bonde la Ufa, hutua zaidi kwa sehemu ya mbele ya mguu.

Yote ni kweli. Ila simu ya muuzaji huishia mahali pazuri kwa biashara. Bikila huyo huyo alivaa viatu Tokyo mwaka 1964, akashinda tena, na akapunguza muda wake kutoka saa 2:15:16 hadi 2:12:11. Mwaka 2013 watafiti wengine waliwapima Wadaasanach wa kaskazini mwa Kenya, watu waliokua bila viatu, wakakuta kwamba kwa mwendo wao wa kawaida wengi wao hutua kwa kisigino. Mwendo wao wa kawaida, jamani! Na huko Marekani, mwaka 2014, kampuni ya Vibram, iliyouza viatu vyembamba vya aina hiyo ingawa si iliyotengeneza vyangu, ilikubali kutoa dola milioni 3.75 kumaliza kesi ya wateja waliodai iliwaahidi faida za kiafya bila ushahidi. Haikukiri kosa.

Tena mtu wa Nyeri anahitaji simu ya nini? Kipchoge Keino alikuwa mkufunzi wa mazoezi katika chuo cha polisi hapo Kiganjo ninapogeuzia, na dhahabu yake ya mita 1,500 kule Mexico mwaka 1968 aliipata kwa viatu vya misumari. Catherine Ndereba wa Gatunganga alishinda Boston mara nne, na mwaka 2001 akaweka rekodi ya dunia ya saa 2:18:47 Chicago, amevaa viatu. Eliud Kipchoge alipokimbia kwa 1:59:40 Vienna, Oktoba 2019, soli zilikuwa zimenenepa mno hivi kwamba miezi michache baadaye wakubwa wa riadha duniani waliweka kikomo cha milimita 40. Wenye miguu ya chuma wanakanyaga godoro. Karani wa ghorofa ya tatu, ambaye miguu yake imekaa chini ya meza tangu amalize chuo, ndiye anayeuziwa chapati.

Nimerudi kwa raba yangu nene ya mitumba kutoka Karatina, na Lewa itanisubiri. Vile vingine vipo, saizi 42, havijatoboka. Anayevitaka aje tuelewane bei. Maoni kuhusu kisigino ayaache kwake.