Joto la Kuagiza

Gisenyi iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ufukweni mwa Ziwa Kivu. Mchana shati linatosha, usiku sweta. Basi kuna bwana karudi kutoka ughaibuni na pampu ya joto, maana jirani ana sola, na heshima nayo ina ngazi zake.

Sasa thamostati ya pampu hiyo imekufa, mpya imeagizwa Marekani. Fundi anafungua kifuniko, anakuta herufi: R inaleta umeme, C inaurudisha, Y ya kompresa, G ya feni. Hizo zinakula volti 24. Soketi zetu zinatoa 230. Ukizichanganya, kifaa kinapata joto lake la mwisho.

Kasheshe ni O/B, waya wa vali inayogeuza mkondo wa gesi. Mashine nyingine huipa vali umeme zikipoza, ndiyo O; nyingine zikipasha, ndiyo B. Ukikosea kuchagua, unaomba baridi unaletewa moto, jambo lisilomshangaza mtu yeyote aliyewahi kupeleka ombi ofisini.

Wakati huohuo, kule Nyamyumba watu wametumbukiza miguu kwenye chemchemi za maji moto, bila waya hata mmoja. Na ng'ambo ya mpaka, volkano ya Nyiragongo, iliyomwaga lava hadi viunga vya Goma Mei 2021, haijafungiwa kitufe cha kuzimia.

"Bosi, tuweke O au B?"

"Weka zote, fundi. Nimezilipia ushuru."