Homa ya Mota na Waganga Wake

Mota ya mashine ya kukereza, yaani mashine inayozungusha kipande cha chuma au mti huku kisu kikikichonga hadi kiwe mviringo, haina namna ya kulalamika isipokuwa kwa mlio, harufu na joto, na kwa kuwa karakana nyingi zina kelele na harufu zake zenyewe, ni joto peke yake ambalo hupata msikilizaji. Hapo ndipo uganga huanza. Kipimajoto cha kwanza huwa ni kiganja cha fundi, na kiganja si chombo kibaya, kwa sababu mtu wa kawaida hawezi kuacha mkono juu ya chuma chenye nyuzi 60 hivi za Selsiasi kwa zaidi ya sekunde chache. Tatizo ni kwamba mkerezaji aliyeokota chenga za moto kwa miaka 20 ana kiganja chenye sugu kama soli ya kiatu, naye hutangaza kuwa mota ni vuguvugu tu, ilhali saidia fundi aliyegusa kwa ncha ya kidole amekwisha kukitia kidole hicho mdomoni.

Joto lenyewe, hata hivyo, si lazima liwe ugonjwa. Mota ndogo inaweza kufanya kazi kihalali gamba lake likiwa na nyuzi 60 au 70, maana waya wa shaba uliosukwa ndani yake umepakwa vanishi, utando mwembamba unaouzuia umeme kuruka kutoka mzunguko mmoja wa waya hadi mwingine, na utando huo katika daraja B huvumilia nyuzi 130, katika daraja F nyuzi 155. Ukishapita kikomo chake, inakadiriwa kwamba kila nyuzi 10 za ziada huupunguzia umri kwa nusu. Herufi ya daraja huandikwa kwenye kibati kilicho ubavuni mwa mota, pamoja na volteji na ampea zake, lakini mashine iliyotumika inapotaka kuuzwa hupakwa rangi ya kijani yote, kibati kikiwemo, na maelezo ya mtengenezaji hubaki kuwa siri kati yake na rangi.

Mshtakiwa wa kwanza, kila mara, huwa ni umeme wa mtaa. Shtaka hilo lina ukweli ndani yake, kwani mota inayotarajia volti 230 ikipewa 190 wakati kisu kinakata, haipunguzi kazi bali huvuta mkondo mkubwa zaidi, na mkondo ukiongezeka mara mbili, joto ndani ya waya huongezeka mara nne. Kinachosahauliwa ni ekstensheni. Waya wa mita 30, wenye unene wa milimita za mraba 0.75, una ukinzani wa takriban omu 1.4 kwenda na kurudi, kwa hiyo mota inayovuta ampea 30 katika ile nusu sekunde ya kuanza hupoteza humo volti zipatazo 40 kabla haijapata chochote; na waya huo ukiachwa umeviringwa chini ya meza kwa ajili ya unadhifu, hupata joto lake wenyewe, jambo ambalo paka wa karakana hulijua mapema kuliko fundi, ndiyo maana hulala juu yake.

Mshtakiwa wa pili ni fundi aliyeisuka mota mara ya mwisho, ambaye hayupo kujitetea. Wa tatu, anayestahili zaidi kuchunguzwa, hashtakiwi kabisa. Mota ya fezi moja haiwezi kuanza kuzunguka yenyewe, hivyo hupewa koili ya pili na kapasita, chombo kinachohifadhi umeme kwa muda mfupi na kuusukuma, nayo koili hiyo imetengenezwa kufanya kazi kwa sekunde chache tu. Mota ikifikia kama robo tatu ya mwendo wake, vizito viwili vidogo hufunguka kwa nguvu za mzunguko na kuikata koili hiyo. Vikinata kwa grisi na vumbi, koili ya kuanzishia hubaki kazini mchana kutwa kama mgeni aliyekaribishwa chai akakaa hadi daku. Kipimo chake hakina gharama: mota ikizimwa na kuanza kupoteza mwendo, sikio husikia “tik” moja ndogo vizito vinaporudi mahali pake, na pasipokuwa na “tik” pana neno. Sharti pekee ni kuzima redio, na hilo ndilo sharti ambalo karakana nyingi hazijawahi kulitimiza.

Katika karakana moja ya Gerezani, Dar es Salaam, homa ya mota moja ilitibiwa kwa juma zima. Kapasita ilibadilishwa mara mbili, ya pili ikiwa kubwa kuliko ya kwanza kwa imani kwamba dozi kubwa huponya haraka. Mkanda, ambao ulikuwa ukipiga kelele, ulikazwa hata ukipigwa kidole ukalia kama uzi wa gambusi, na beringi zikaongezewa mzigo zisiouomba. Kisha ikaazimwa feni ya mezani kwa msusi wa jirani. Feni ilipowashwa, kanga kuukuu iliyotandazwa juu ya mota kwa miezi kadhaa, kwa nia njema kabisa ya kuikinga na chenga, ilipepea kama bendera, na ukingoni mwake likasomeka neno moja lililosalia la maandishi yake: VUMILIA. Chini yake palikuwa na kifuniko cha nyuma chenye matundu, ambamo feni ya mota yenyewe huvuta hewa na kuipitisha juu ya mbavu za gamba, na matundu hayo yalikuwa yamezibwa na vumbi la mbao lililokandwa kwa oili hadi kuwa gumu kama ukoko.

Ukoko ulikwanguliwa kwa bisibisi, mkanda ukalegezwa, kanga ikarudi nyumbani kufuliwa. Mota ni ileile, na kapasita ya tatu, iliyonunuliwa asubuhi ya siku hiyo, bado iko rafuni ndani ya boksi lake.