Naomba Nafasi ya Kuwa Majeruhi

Kwa Waheshimiwa wa Jukwaa la Kitaifa la Kuzuia Hatari na Kukabiliana na Maafa.
Nakala: Ulinzi wa Raia, Msalaba Mwekundu, uongozi wa Bujumbura, na kila shirika lenye gari jeupe na bendera.

Waheshimiwa,

Naomba kazi. Siku mtakapopanga zoezi kubwa la dharura, lile la kuwakutanisha polisi, wanajeshi, pompiye, madaktari na mashirika uwanja mmoja, nipeni nafasi ya majeruhi. Sichagui jeraha. Mkinipaka rangi nyekundu kichwani nitashukuru. Mkiniambia nimevunjika mguu nitachechemea hadi jioni. Hata maiti naweza, ingawa nasikia maiti hawahesabiwi kwenye chai ya saa nne.

Uzoefu ninao, kwa kuwa ni mkazi wa Bujumbura. Tarehe 27 Januari 2013 Soko Kuu liliteketea mbele ya macho ya mji mzima. Magari ya kuzimia moto hayakutosha, watu wakaingia kuokoa bidhaa, nyingine zikiwa si zao, na msaada wa helikopta ukaombwa Rwanda. Mwaka uliofuata, usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Februari, maji yaliteremka kutoka milimani yakazoa nyumba za Kamenge, Kinama na Gatunguru, na waliokufa walizidi 60. Mwaka 2020 mto Rusizi uliingia Gatumba bila kubisha hodi. Mwaka 2024 ziwa Tanganyika likapanda hadi kukaribia kile kimo cha miaka ya 1960 ambacho wazee walikuwa wakitusimulia tukidhani wanatia chumvi.

Sasa tazameni kalenda. Soko liliungua Jumapili. Mvua ya Kamenge ilishuka Jumapili usiku. Kwa jirani zetu wa Bukoba, ndege ya Precision Air ilitumbukia Ziwa Victoria tarehe 6 Novemba 2022, nayo ilikuwa Jumapili. Mazoezi ya dharura ni ya watu wenye adabu zaidi: huangukia siku ya kazi, saa tatu asubuhi, wageni rasmi wakishaketi chini ya hema. Matairi yanawashwa. Gari la zimamoto, lililojazwa maji tangu jana na kuegeshwa hatua chache kutoka kwenye moto wenyewe, linawahi kufika. Moto unazimika, makofi yanapigwa, na mkubwa anatangaza kwamba tuko tayari. Mimi sijasikia hata mara moja kwamba moto ulishinda kwenye zoezi. Hushinda siku nyingine.

Uwanja wetu wa ndege wa Melchior Ndadaye una bahati. Kanuni za kimataifa za usafiri wa anga zinataka uwanja wa ndege ufanye zoezi kamili la dharura walau kila miaka miwili, na wakaguzi huuliza. Soko halina mkaguzi wa namna hiyo. Labda tuyafungie mbawa masoko yetu.

Naomba pia kushauri kuhusu siri, maana hapo ndipo mazoezi mengi hupotea. Tarehe 30 Novemba 2015 Chuo Kikuu cha Strathmore, Nairobi, kiliigiza shambulio la kigaidi. Ilikuwa miezi michache baada ya magaidi kuua wanafunzi chuoni Garissa, na milio ya risasi iliposikika wengi waliamini ni kweli. Watu wakaruka kutoka ghorofani. Makumi wakaumia, na mfanyakazi mmoja akafariki. Zoezi la kuokoa maisha likaondoka na maisha ya mtu, kwa sababu waliotakiwa kuokolewa hawakujua kwamba ni mchezo.

Kwa kawaida basi mwananchi haambiwi kitu, na mkubwa anajua hata dakika ambayo moshi utaanza. Geuzeni. Tangazeni kwa megafoni Buyenzi, Bwiza, Kinama na Buterere, misikitini na makanisani, kwamba wiki hii kutakuwa na zoezi, mtu asikimbie wala asiruke. Wakubwa ndio wafichwe. Wao wapigiwe simu Jumapili usiku, saa nne, mvua ikinyesha, tuone nani anapokea.

Mwenye kusimamia zoezi apewe bahasha zilizofungwa, azifungue moja moja mambo yakiendelea. Bahasha ya kwanza: mtandao wa simu umekufa. Hapo tutajua kama redio ya jeshi inasikilizana na ya polisi, na yale mashirika yanayoratibu kila kitu kwenye kundi la WhatsApp yataratibu kwa njia gani. Bahasha ya pili: gari la zimamoto halina esansi, limepanga foleni pamoja na sisi. Bahasha ya tatu: mwenye saini yuko Gitega kwenye mkutano, na barabara ya Bugarama imeporomoka. Je, aliyebaki mjini ana ruhusa ya kutoa amri, au tuendelee kuzama huku tukisubiri muhuri?

Msiseme haiwezekani. Juni 2019 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilifanya zoezi pale Namanga, mpakani mwa Kenya na Tanzania, ikijifanya homa ya Bonde la Ufa imelipuka. Madaktari wa watu na wa mifugo walikaa pamoja na watu wa forodha na uhamiaji, na lengo lilikuwa kuona mfumo unavujia wapi. Kutafuta tundu kabla ya mvua si aibu.

Na kwenye orodha ya mashirika shiriki, kuna waliosahaulika. Pale Bukoba waliowahi kuifikia ndege walikuwa wavuvi na mitumbwi yao, na kijana mmoja akasifiwa nchi nzima kwa kufungua mlango kwa kasia. Watu 24 kati ya 43 wakatoka hai. Hapa kwetu pia anayefika kwanza ni mvuvi wa ndagala, dereva wa taksi-velo, fundi wa gereji wa Buyenzi mwenye jeki na mnyororo, na mama anayejua nyumba ipi ina bibi asiyeweza kutembea. Hawana fulana yenye nembo. Wapeni kiti kwenye kikao cha kupanga, na si kazi ya kupiga makofi tu.

Mkikubali ombi langu, posho sidai. Nitalala nilipoambiwa nilale, na nitahesabu dakika hadi mtu wa kwanza aniinamie, kisha nitaziandika kwenye ripoti ileile mtakayowapelekea wafadhili. Msiponipata kwenye simu, ulizeni kwa mkuu wa nyumba kumi, ananifahamu. Ila siku ya zoezi msimtajie, maana naye kwa ngazi yake ni mkubwa.

Wenu mtiifu,
Majeruhi mtarajiwa, Buyenzi